Land Rover 109 ya jeshi inasumbua: tenganisha mlima na ugonjwa kabla hujashusha injini

Wakuu, hii ni kwa wenye zile Land Rover 109 za jeshi (109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma), Series III za petroli zilizotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, na wenye Series IIA mnahusika pia maana injini ni ileile ya silinda 4, cc 2,286. Huku kwetu Mbeya, Makete, Njombe mpaka Iringa bado zinapiga kazi, zinabeba viazi, mbao, mbolea, na zingine zimelazwa nyuma ya nyumba kuku wanatagia humo sababu kuna mtu alisikiliza dakika mbili akasema injini imekufa. Inaniuma sana kuona hivyo, maana injini hizi hazifi kirahisi, na mara nyingi ugonjwa ni kitu cha elfu kumi, au sio ugonjwa kabisa, ni mlima.

Kwahiyo kabla ya spana yoyote jiulize gari ilikuwa wapi ilipoanza kusumbua. Kyela pale ziwani ni chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, Kitulo ni 2,600 na zaidi. Injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, hii ni hewa tu imepungua, hamna kilichoharibika. Ukiitoa gari Kyela ukaipandisha mpaka Kitulo, huko juu moja ya tano ya nguvu hivi haipo, na kabureta haijui kama hewa imepungua inaendelea kumwaga petroli vilevile, ndo maana inatoa moshi mweusi na plagi zinakuwa na masizi. Sasa kipimo ni hiki: kama gari ni nzito juu ikishuka Chimala inarudi kuwa nzima, huo ni mlima. Kama ni nzito juu na chini ni nzito vilevile, hapo ndo una ugonjwa, tuendelee.

Na jambo lingine la kuangalia mapema ni umeme. Za jeshi zilizokuwa zinabeba mitambo ya redio zina volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo, na distribyuta yake imefungwa isiingie maji. Nyingi zimeshabadilishwa kuwa volti 12 na waliobadilisha wengine wamebadilisha nusu. Pima kwa mita kwenye betri na kwenye alteneta kabla hujanunua koili, balbu wala stata, maana kufunga kifaa cha 12 kwenye 24 ni kukiunguza, na kufunga cha 24 kwenye 12 utashangaa kwanini stata inazunguka kivivu na moto wa plagi ni mwekundu hauna nguvu.

Haiwaki asubuhi

Mwezi wa 6 na wa 7 Makete na Njombe barafu inaganda kwenye majani, na oili nzito kwenye baridi hiyo inafanya stata izunguke pole pole hata betri ikiwa nzima. Lakini angalia kwanza waya wa ethi, ule mnene wa betri kwenda kwenye chesisi na mwingine wa injini kwenda chesisi. Bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, umri ni miaka 40 na zaidi, kutu na uchafu vimejaa kwenye maungio. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi. Nimeona watu wananunua betri mpya na tatizo lipo kwenye bolti moja ya ethi.

Kama stata inazunguka vizuri ila haishiki, vuta choki kabisa na usikanyage kanyage eksileta. Ikinuka petroli umeizamisha, rudisha choki ndani, kanyaga eksileta mpaka chini ushikilie hapo, piga stata. Isiposhika, toa plagi moja uilaze kwenye silinda hedi ikiwa kwenye waya wake, mtu apige stata, tazama moto. Moto unatakiwa uwe wa bluu wenye nguvu. Hamna moto au ni dhaifu, fungua kifuniko cha distribyuta (inayogawa moto kwa plagi) tazama pointi, ile swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili. Nafasi yake ni milimita 0.35 mpaka 0.40, na zikiwa zimeungua zina kilima upande mmoja na shimo upande mwingine basi shuku kondensa, badilisha vyote viwili kwa pamoja. Asubuhi za ukungu pia kifuniko kinashika unyevu kwa ndani, kifute kwa kitambaa kikavu tu, kazi imeisha.

Inakata moto njiani, ukisubiri inawaka

Hii ndo inasumbua watu kuliko zote na ndo inayopelekea watu kubahatisha vifaa, leo koili kesho pampu keshokutwa kabureta. Acha kubahatisha. Dawa ni kuwa na haraka dakika ileile imezima, kabla haijapoa, maana ikipoa ushahidi umepotea. Vitu viwili tu unavitafuta, moto au petroli, kimojawapo hakipo.

Toa kofia ya hewa juu ya kabureta, chungulia ndani huku unasukuma eksileta kwa mkono. Ukiona petroli inaruka mrija mwembamba, petroli ipo, kwahiyo hamia kwenye moto, pima plagi kama nilivyosema juu. Moto umepotea na koili ni ya moto sana kushika, ikipoa moto unarudi, basi ni koili au kondensa. Hizi mbili zinakufa kwa joto na zinafufuka zikipoa.

Petroli isiporuka, nenda kwenye pampu pembeni ya injini, ile yenye kikombe cha kioo chini. Hapa hawa watengenezaji walitufikiria kweli, kioo kinakuonyesha kila kitu. Pampu ina kiwiko kidogo cha kupigia kwa mkono, kipigepige huku unatazama. Kikombe kikijaa petroli safi halafu kiwiko kikawa chepesi, pampu inafanya kazi. Ukiona mapovu yanatembea humo ndani, inavuta hewa mahali, na kwenye 109 ya jeshi mahali penyewe mara nyingi ni koki ya kubadilishia matanki. Za jeshi zina matanki mawili chini ya viti vya mbele, koki ikichoka sili yake inavuta hewa kutoka upande wa tanki tupu, gari inakohoa kwenye mlima halafu kwenye tambarare inatulia. Jaribu kujaza matanki yote mawili uone kama tatizo linaondoka, likiondoka umeshampata mwizi. Ukiona matope au maji kwenye kioo basi safisha matanki, hasa kama unanunua petroli ya madumu vijijini. Na chungulia tundu la hewa la kifuniko cha tanki, likiziba tanki linanyonya mpaka petroli inagoma kutoka, ukifungua kifuniko unasikia fyuuu.

Halafu kuna petroli kuchemka kwenye mrija. Juu mlimani vimiminika vinachemka kwa joto dogo zaidi, na mrija ukipita karibu na ekzosi wakati unapanda gia ya kwanza kona zote za Hamsini na Saba kutoka Chimala kwenda Matamba, petroli inageuka mvuke, pampu inapiga mvuke. Mwagia pampu na mrija maji ya baridi taratibu, ikiwaka mara hiyo sogeza mrija mbali na joto na rudishia lile bati la kinga kama mtu alilitoa.

Haishiki sailensi (kuunguruma bila kukanyaga eksileta), petroli inakunywa, moshi mweusi

Kama iko hivyo hata kwenye miinuko ya chini, twende kwenye kabureta ya Zenith. Ugonjwa wake unajulikana dunia nzima: sehemu ya juu na ya chini zinapokutana bapa linapinda, kwa joto na kwa watu kukaza skrubu kwa hasira, na kuna ringi ndogo ya mpira humo ndani inakauka. Petroli inapita njia isiyo yake. Unakaza skrubu ya sailensi unageuza hii unageuza ile haibadiliki kitu. Fungua, weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha kilichonyooka, sugua lile bapa taratibu kwa mzunguko mpaka lote ling'ae sawasawa, weka ringi mpya na gasketi mpya. Usinunue kabureta nyingine kabla hujafanya hivi. Ukimaliza angalia pia choki inarudi mpaka mwisho, kebo ikikwama nusu unatembea na choki siku nzima.

Inamisi, nguvu hamna

Injini iko kwenye sailensi, chomoa waya wa plagi moja moja, tumia koleo lenye mpira. Silinda nzima ukiichomoa injini inayumba, ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndo mgonjwa. Hamishia plagi yake kwenye silinda nyingine uone kama ugonjwa unahama nayo. Usipohama pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).

Na hapa naomba mnisikilize vizuri maana injini nyingi huku juu zimefunguliwa bure kwa sababu hii. Namba za kwenye kitabu ni za usawa wa bahari. Mbeya mjini mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Dar, kwahiyo geji itasoma chini hata injini ikiwa nzima kabisa. Fundi akija na kitabu akasema silinda zote zimeshuka inabidi ovaholi, mwambie alinganishe silinda na silinda. Zote nne zikiwa karibu sawa injini yako haina shida hiyo. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, mfano ya 2 na ya 3, gasketi ya silinda hedi imepasuka katikati yao.

Kabla ya kuhukumu valvu hakikisha nafasi za tapeti ziko kwenye milimita 0.25, zote, za kuingiza na za kutoa. Tapeti iliyobana sana inazuia valvu kufunga na kompresheni inapotea, dakika 20 za bisibisi na spana unaokoa laki kadhaa. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, angalia na hilo, watu wanarudisha waya kwa kukisia.

Moshi

Mweupe asubuhi ya baridi unaopotea injini ikipata joto ni mvuke, achana nao. Mweupe usioisha na maji yanapungua kwenye rejeta, ni gasketi au hedi imepata ufa. Wa bluu ni oili, na Mlima Kitonga utakwambia inatoka wapi. Ukishuka Kitonga kwa gia bila eksileta, halafu chini pale unakanyaga na likatoka wingu la bluu mara moja likaisha, oili inapita kwenye gaidi za valvu (mirija inayoongoza valvu), unaweza kuishi nayo muda mrefu tu ukiwa unaongeza oili. Ikitoa bluu muda wote ukiwa unapanda na mzigo, na ukifungua kifuniko cha oili inapumua kwa nguvu, hizo ni ringi.

Inachemsha

Maji Mbeya mjini yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Kitulo kama 91. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha ya kifuniko cha rejeta, kwahiyo kifuniko chenye springi iliyochoka, ambacho Dar kisingekusumbua sana, huku kinamwaga maji kila mlima. Anza na kifuniko. Kisha fanibelti, kisha mbegu za nyasi zilizojaa kwenye mapezi ya rejeta, pulizia kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kisha taimingi, na wengi hawaunganishi hivi vitu viwili: kile kiguu cha pointi kinalika, nafasi inapungua, moto unachelewa, na moto uliochelewa unaleta joto. Kwahiyo gari iliyoanza kuchemsha taratibu na kupoteza nguvu kwa pamoja, rekebisha pointi kabla hujagusa rejeta.

Kutoa themostati sikubaliani nako kabisa huku kwetu. Baridi ya Makete injini haifikii joto lake, petroli inaosha oili ukutani kwa silinda, oili inakuwa tope, na unamaliza injini huku geji inakuonyesha raha.

Inagonga

Kelele nyepesi ya tik tik tik juu ni tapeti. Kelele nzito ya kugonga kutoka chini, chomoa waya za plagi moja moja, kelele ikipungua kwenye silinda fulani ni beringi ya koneksheni (mkono wa pistoni) ya silinda hiyo. Mlio wa ndani zaidi unaotoka ukiwa na mzigo na presha ya oili imeshuka ni beringi kubwa za krenkshafti, simamisha gari usiendelee hata kilomita. Injini ya moto kwenye kilomita 50 kwa saa inatakiwa presha ya oili kati ya pauni (psi) 35 na 65.

Sasa chini ya gari

Klachi ikiteleza, resi inapanda kasi haipandi na harufu ya kuungua ipo, usikimbilie kununua pleti. Ingia chini tazama tundu lililo chini kabisa ya nyumba ya klachi. Jeshi walikuwa wanaliziba kwa plagi maalum wakivuka maji marefu, wakishavuka wanaitoa. Kama imebaki humo itoe, uone kinachotoka. Ikitoka oili nyeusi ya injini, sili ya nyuma ya krenkshafti imeenda. Ikitoka nzito yenye ile harufu kali ya giaboksi, ni sili ya mbele ya giaboksi. Ukifunga pleti mpya bila kurekebisha sili umeinunulia oili kitanda.

Gia ngumu kuingia na rivasi inakwangua, kanyaga klachi mara mbili tatu haraka, ikilainika tatizo ni haidroliki, kuna upepo au silinda inavuja. Asubuhi ya baridi gia ya pili kuwa ngumu mpaka ipate joto ni oili nzito tu.

Kelele za giaboksi: gari imesimama, nyutro, klachi juu, kuna mvumo, ukikanyaga klachi unapotea, ni beringi za ndani ya giaboksi. Mvumo unakuja ukikanyaga, ni rilizi beringi (ile inayosukuma klachi). Kelele ipo gia ya 1, 2 na 3 lakini ya 4 kimya, ni leishafti (shafti ya pembeni ndani ya giaboksi), sababu gia ya 4 nguvu inapita moja kwa moja haipitii huko. Ukitaka kujua kama ni giaboksi au transfa (boksi la hai na lo nyuma ya giaboksi), weka transfa nyutro, ingiza gia, gari imesimama tambarare na mawe kwenye matairi, sikiliza: unachosikia zaidi ni giaboksi, transfa haina mzigo. Usijaribu hivyo ukiwa kwenye mteremko, utakuwa huna gia ya kukushika.

Pima oili ya giaboksi na ya transfa siku moja. Giaboksi ikipungua na transfa ikizidi, haivuji nje, sili ya kati yao imekufa oili inahama. Wengine wanaongeza tu transfa inafurika, inamwagikia hendibreki.

Usukani mzito kwenye lami na kile kitufe cha njano hakitaki kupanda juu, umetembea na fowili (kuvuta kwa matairi yote manne, ukibonyeza kitufe hicho) kwenye lami. Gari hii haina difu ya katikati, mbele na nyuma zikitofautiana mzunguko nguvu inajibana humo kwenye shafti, na matairi ya ukubwa tofauti mbele na nyuma yanaongeza balaa. Rudi rivasi mita kadhaa ukiwa umenyoosha, simama, vuta lever nyekundu ya transfa mpaka nyuma kwenye lo (gia za chini) halafu isukume mbele kwenye hai (gia za juu), cha njano kitaruka chenyewe.

Mlio wa kong ukiachia na kukanyaga eksileta: zuia matairi, ingia chini, zungusha propela shafti kwa mkono kushoto kulia. Krosi ikicheza utaiona kwa macho. Mlio wa ndege mdogo unaofuata mwendo ni krosi iliyokauka grisi. Mvumo unaobadilika kwenye kona, ukilalia kulia unazidi ukilalia kushoto unapungua, ni beringi ya tairi, na barabara ya Tukuyu ina kona za kutosha kupima. Mvumo unaokuja ukivuta tu na kunyamaza ukiachia, hiyo ni difu.

Ukivuka mito ya Usangu masika, siku ya pili fungua plagi ya oili ya difu. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ekseli ya moto ikiingia kwenye maji baridi inanyonya, na kama kile kipumulio juu ya ekseli kimeziba inanyonya kupitia kwenye sili. Kizibue kwa waya, ukikiacha utabadilisha sili kila mara na zitaendelea kuvuja.

Ya mwisho, gari inapiga resi, propela shafti ya nyuma inazunguka, gari haiendi, umevunja hafushafti (shafti inayopeleka nguvu kutoka difu mpaka tairi). 109 nyingi za Series III zina ekseli ya Salisbury nyuma ambayo ni ngumu, zile za zamani ndo zinavunjika zaidi. Bonyeza cha njano, funga habu za mbele kama zako ni za kufungua na kufunga, mbele itakuvuta mpaka nyumbani. Lakini jua hili vizuri sana: hendibreki ya gari hii inashika propela shafti ya nyuma, haishiki matairi, kwahiyo hafushafti ikivunjika hendibreki haikushikilii tena, na hata gari nzima ukipiga jeki tairi moja la nyuma inakuwa huru. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi, ingiza fowili ya lo na gia ya kwanza, halafu ndo uingie chini. Hafushafti unaitoa bila hata kupiga jeki, bolti sita kwenye habu unaivuta, na kipande kilichobaki ndani ukitoe chote kabla hakijaingia kwenye meno ya difu.